UZI: "Get" ya Kiingereza na ndugu zake kumi na kitu wa Kifini. Kwa anayejifunza, anzia kwenye Kiswahili chako

#1 Mwana wa Igoma

Wadau, habari za leo. Uzi huu ni wa mliopo Ufini, mnaojiandaa kuja, na yeyote anayependa mambo ya lugha. Ni mrefu, vuteni viti.

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza hapa Tampere nilikuwa mafunzoni kwenye nyumba ya kulelea wazee. Usiku mmoja mwanangu akashikwa na homa, nikaona kabisa kesho kazini siendi. Nikamwandikia msimamizi wangu ujumbe kwa Kifini, bila kuuliza mtu, moyo umejaa fahari: "En saa tulla töihin huomenna." Hazikupita dakika mbili simu ikaita. Yule mama ana wasiwasi kwelikweli. Ananiuliza ni nani amenikataza kuja kazini, na kama kuna mtu ananitishia nyumbani nimwambie.

Nilichokuwa nimemwandikia ni "Siruhusiwi kuja kazini kesho." Nilichotaka kusema ni "En pääse töihin huomenna", yaani kesho sitaweza kufika.

Kosa lilitokea hivi. Kichwani nilianza na Kiingereza: "I can't get to work." Kwenye daftari langu la msamiati nilikuwa nimeandika get = saada. Nikaichukua saada nikaichomeka. Kumbe Mwingereza anaitumia "get" kupokea barua, kufika nyumbani, kuchoka, kuelewa, kuamka, kupanda basi, kuoa na kuolewa. Mfini kila kimoja hapo ana kitenzi chake. Na ukitulia ukatazama, na sisi pia tunavyo vyetu! Nimevitaja hapo juu kwa Kiswahili bila kuhangaika hata kidogo. Kiingereza ndicho kilichovifunga vyote kwenye furushi moja, halafu mimi nikahangaika kulifungua furushi ambalo mama yangu hakunifungia.

Niende neno kwa neno, yale ninayokutana nayo kila siku.

Saada ni kupata, na hapa tuna bahati, maana inatembea na "kupata" yetu hadi mahali ambapo sikutegemea. "Sain kirjeen äidiltä", nilipata barua kutoka kwa mama. "Saimme lapsen", tulipata mtoto. "Sain flunssan", nimepata mafua. Halafu kuna hii iliyonifurahisha: "Sain kuulla" ni nilipata kusikia, "sain tietää" ni nilipata kujua. Muundo ule ule wa wazee wetu! Hata "sain työt tehtyä", ukiitoa kwa Kiswahili kizuri ni "nikapata kuzimaliza kazi." Kwenye taarifa zetu za zamu ya usiku tunaandika "asukas sai nukuttua", mkazi alipata kulala.

Inapoachana na kupata ni kwenye ruhusa. Saada ikifuatwa na kitenzi kingine cha kawaida, mara nyingi inakuwa ruksa. "Saanko tulla sisään?" ni hodi, niingie? "Täällä ei saa tupakoida", hapa hairuhusiwi kuvuta sigara. Ndipo nilipoanguka mimi. Na kwenye mgahawa, "Saisinko kahvin?" ndiyo "naomba kahawa" yao. Anayekwambia Wafini hawana adabu kwa sababu hawana neno moja la "please", mwonyeshe hiyo -isi- iliyo katikati ya saisinko. Adabu yao imekaa ndani ya kitenzi.

Päästä ndilo neno lililonichukua muda, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kamusi itakwambia kufika. Lakini kufika kwa kawaida ni tulla perille au saapua. Päästä ni kufika au kutoka pale ambapo kuna kitu kilikuwa kinakuzuia. Umeingia chuo kikuu baada ya mtihani: "pääsin yliopistoon." Umeruhusiwa kutoka hospitali: "pääsin sairaalasta." Umeachana na sigara: "pääsin eroon tupakasta." Kila mara kuna mlango uliokuwa umefungwa, na sasa umefunguka.

Nililielewa kazini, si darasani. Kuna bibi mmoja, kumbukumbu zimemtoka, kila ikifika saa kumi na mbili jioni anakuja na mkoba wake mkononi, koti amelivaa juu ya gauni la kulalia, ananishika mkono: "Milloin minä pääsen kotiin?" Miezi ya mwanzo nilimsikia anauliza atafika saa ngapi nyumbani, kama abiria kwenye basi. Siku nilipokuja kuelewa uzito wa pääsen, nilikaa chini pembeni yake. Bibi alikuwa ananiuliza lini ataachiwa aende kwao.

Joutua ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Ni kujikuta mahali au katika hali ambayo hukuitaka. "Jouduin sairaalaan", nikajikuta hospitali. "Jouduin lähtemään", ilinibidi niondoke. Kwa hiyo unaingia hospitali kwa joutua, unatoka kwa päästä. Gerezani ni hivyo hivyo. Mwingereza kote huko anaweza kukuwekea "get" na ukamwelewa, ila moyo wa msemaji hauuoni.

Sasa vitenzi vya kugeuka hali, vile ambavyo kwa Kiingereza ni "get" na kivumishi. Kuchoka ni väsyä. Kunenepa lihoa, kukonda laihtua, kuzeeka vanheta, kuugua sairastua, kupona parantua, kutajirika rikastua, kulowa kastua, kukasirika suuttua, kuzoea tottua. Mnaona? Neno moja kwa neno moja. Hatusemi "kupata chovu" na wao hawasemi "saada väsynyt." Niliwahi kuisema hiyo ya pili darasani, na kosa hilo lilitoka London, halikutoka Mwanza.

Na kuna jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha darasani. Sisi tunasema "nimechoka", kwa -me-, tukiwa na maana ya hali niliyonayo sasa hivi. Wafini wanasema "olen väsynyt", nao ni wakati uliotimia: jambo limeshatokea, matokeo yapo. Nimepotea, olen eksynyt. Nimelowa, olen kastunut. Nimekasirika, olen suuttunut. Mwenzangu wa darasani kutoka nchi nyingine alihangaika wiki nzima na -nut na -nyt, mimi nilipoigundua -me- mlemle ndani nilitaka kupiga vigelegele.

Nimeandika mengi, ngoja nipumzike. Wajuzi waje waongeze, na nilipokosea nirekebisheni.

#2 Kijana wa Nakuru

Asante ndugu, hii ni kazi nzuri. Lakini niruhusu nipinge kidogo. Vitabu vingi vya kujifunzia Kifini, programu za simu, video, vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtu akiambiwa aache Kiingereza atasomea wapi? Mimi niko Oulu miaka miwili, bila Kiingereza ningekuwa bado nasema "moi" na "kiitos" tu.

#3 Mwana wa Igoma

Kijana wa Nakuru, hoja yako naikubali. Sisemi tuvitupe vitabu. Ninachosema ni hatua ya mwisho, ile ya kuandika maana kwenye daftari lako. Soma maelezo kwa Kiingereza, halafu mbele ya päästä usiandike "get". Andika kwa Kiswahili: kufika baada ya kizuizi, kuruhusiwa, kuachiwa. Daftari langu la kwanza lilikuwa na "get" mara saba kwenye kurasa mbili, kila mara mbele ya kitenzi tofauti. Ukija kulikumbuka neno unapolihitaji, unalikumbuka lipi kati ya hayo saba?

#4 Mama Uvira

Asanteni wanangu. Mimi ni Mkongo, nilipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku Turku. Kiingereza sikuwa nacho hata kidogo, nilikuwa na Kiswahili na Kifaransa cha shule. Darasani mwalimu akiona hatujaelewa anaandika Kiingereza ubaoni. Wengine wanatikisa kichwa wameelewa, mimi natazama tu. Nilijiona nimechelewa kuliko wote.

Nikawa naandika kwa Kiswahili mwenyewe. Mwana wa Igoma, ulivyosema juu ya nimechoka na olen väsynyt, mimi nilifanya hivyo tangu mwanzo bila kujua kama ni akili. Nilidhani nafanya hivyo kwa sababu ya kukosa.

Na niongeze: hakea. Kufuata mtu au kitu na kuja nacho. "Haen lapsen päiväkodista", namfuata mtoto chekechea. "Haen lääkkeet apteekista", naenda kuchukua dawa. Neno hilo hilo ndilo la kuomba kazi: "haen töitä." Nililizoea haraka, sababu kazi nayo unaifuata, haikufuati.

#5 Mwana wa Igoma

Mama shikamoo. Umenigusa sana. Haikuwa kukosa hata kidogo, njia yako ilikuwa fupi kuliko yetu.

#6 Binti Pangani

Mimi niongezee kwenye usafiri, maana hapo Kiingereza kilinivuruga. "Get on" na "get off". Kupanda basi ni nousta bussiin. Nousta ni kuinuka, kupanda juu, kwa hiyo ni kama sisi tu. Lakini kushuka! Kwenye gari, kushuka ni "nousta autosta." Kitenzi kile kile cha kuinuka. Kinachobadilika ni mkia wa nomino: -iin unaingia, -sta unatoka. Ukishazoea kusikiliza mwanzo wa neno unapotea njia, Kifini kinataka usikilize mwisho.

Na kwenye basi mara nyingi utasikia "jään pois seuraavalla pysäkillä." Neno kwa neno ni nabaki nje kituo kinachofuata. Mimi huwa namsikia konda wetu akiuliza "kuna wa kubaki?" nikitafsiri kichwani, nacheka peke yangu kwa furaha.

Halafu mabinti, jihadharini. Kuoa na kuolewa kwao ni kitu kimoja: mennä naimisiin, mwanamume na mwanamke wote "wanakwenda" huko. "Menimme naimisiin" ni tulioana. Kitenzi naida kipo kwenye kamusi na maana ya zamani ni kuoa, ila siku hizi watu wengi wakikisikia wanasikia tendo la chumbani. Usikitumie mbele ya wakwe.

#7 Mwalimu wa Chaki

Nafundisha Kiingereza sekondari Morogoro, Kifini sijui hata neno. Uzi huu umenipa somo la kuingia nalo darasani. Wanafunzi wangu wanakwepa "get" kama moto. Wanaandika "I became tired", "I arrived home", na mimi nilikuwa nawasahihisha kwa kalamu nyekundu kwamba haiko kiasili. Sasa naona walikuwa wanafanya vile Kiswahili kinavyowafundisha, kutenganisha.

Kwa faida ya wasomaji, "get" yenyewe haikuzaliwa Uingereza. Iliingia na watu wa Skandinavia waliohamia kule zama za kati, asili yake ni geta ya Kinorsi cha Kale, maana yake kupata. Ilianza na kupata, ikatanuka mpaka ikawa hivi tunavyoiona. Kifini hakina undugu nacho, kiko kwenye familia ya Kiurali pamoja na Kiestonia na, kwa mbali, Kihangaria.

Swali langu: hiyo "get" ya kuwahi iko wapi? Kama "did you get there in time"?

#8 Mwana wa Igoma

Mwalimu, umeuliza neno ambalo bila hilo huishi Ufini wiki moja: ehtiä. Ni kuwahi yetu. "Ehdin bussiin", nimeliwahi basi. "En ehdi", sina muda, sitawahi. Ukilikosa basi ni "myöhästyin bussista", nimechelewa kutoka kwenye basi, ukitafsiri mkia wake.

Ila hapa Kiswahili nacho kina mtego wake, niseme ukweli. Kuwahi yetu ina maana mbili. "Umewahi kufika Helsinki?" hiyo si ehtiä. Hapo wanasema "Oletko koskaan käynyt Helsingissä?" Nilimuuliza mzee mmoja "Oletko ehtinyt käydä Afrikassa?" akanijibu kwa upole kwamba hapana, muda haujatosha, ila bado anakusudia. Ana miaka 90 na zaidi.

#9 Hodi Hodi

Mkuu heshima kwako, ila kuna sehemu nataka kukusahihisha. Umeipamba sana saada = kupata. Sisi tunasema kupata ajali. Kifini ni "joutua onnettomuuteen." Kupata shida ni "joutua vaikeuksiin." Mtu akifuata ushauri wako atasema "sain onnettomuuden", na mwenyeji atashangaa. Kwa hiyo Kiswahili nacho kina furushi lake.

#10 Mwana wa Igoma

Hodi Hodi, hapo umenipata na nashukuru. Ni kweli, kupata yetu haichagui kati ya heri na shari, tunapata mtoto na tunapata msiba. Kifini kwa mabaya makubwa yanayokuvuta ndani yake kinapendelea joutua. Lakini si kila baya: mafua ni saada, faini ni saada ("sain sakon"), kufukuzwa kazi ni "sain potkut", nilipata mateke. Ninavyoliona mimi, kitu kikikujia mkononi, hata kiwe kibaya, ni saada. Ukitumbukia wewe ndani yake, ni joutua. Tazama na mkia wake: joutua inataka -iin, -hin, -een, mkia wa kuingia.

#11 Binti Pangani

Nimekumbuka kitu kuhusu saada na ninaomba maoni. Mwenzangu wa chumbani Mfini alinieleza tofauti ya "sain rahaa" na "sain rahat." Ya kwanza amepata pesa, kiasi fulani. Ya pili amezipata zile pesa zote zinazojulikana. Mimi nikamwambia kwetu hiyo ni "nimepata hela" na "nimezipata zile hela." Ile -zi- ndiyo inafanya kazi ya kile ki-t cha mwisho. Niko sawa?

#12 Mwana wa Igoma

Binti Pangani, uko sawa na mimi sikuwahi kuliwaza hilo! Nimesoma mara tatu. Tahadhari moja tu: kwenye kukanusha Kifini hakikupi uchaguzi, kinarudi kwenye umbo la sehemu: "en saanut rahaa", "en saanut rahoja". Sisi tunaweza kusema "sikuzipata" na ile -zi- ikabaki. Lakini kwa sentensi za kukubali, hiyo njia yako itamsaidia mtu kuliko kurasa kumi za sarufi. Hilo ni somo linalowaliza watu kwenye YKI, mtihani wa taifa wa lugha, ule unaotakiwa ufikie angalau kiwango cha 3 kati ya 6 kwa ajili ya uraia.

#13 Kijana wa Nakuru

Sawa, mmenivuta nusu njia. Je, hii: "I got hungry", "I got sleepy"? Hapo nimekwama.

#14 Mama Uvira

Hiyo niachieni mimi. "Minulle tuli nälkä." Njaa ilinijia. "Minua väsyttää", uchovu unanishika, na mimi ndiye ninayeshikwa, si mimi ninayetenda. Si tunasema usingizi umenishika, njaa imenishika? Wao ni hivyo hivyo. Njaa inatembea, inakuja kwako.

Na kuwa kitu, kama kuwa muuguzi: "Minusta tulee lähihoitaja." Kutoka kwangu atatokea muuguzi msaidizi. Binti yangu aliposema sentensi hiyo mara ya kwanza mezani, na -sta yake iko mahali pake, mimi nililia. Mwezi wa tano amemaliza chuo.

#15 Mwalimu wa Chaki

Hongera sana mama. Mpe mkono.

#16 Mwana wa Igoma

Mama, mfikishie: Onneksi olkoon!

Wanaouliza kwenye ujumbe wa faragha kuhusu kamusi: ipo ya Kiswahili na Kifini, pande zote mbili, ilitoka hapa Ufini mwaka 2002, ulizeni maktaba ya mji wenu, wanaweza kuagiza kutoka maktaba nyingine. Ukishafika kiwango cha kati, ingia kwenye Kielitoimiston sanakirja, iko bure mtandaoni. Ni Kifini kwa Kifini. Tafuta saada mle uone ilivyo ndefu, usikate tamaa, soma mifano tu. Na Chuo Kikuu cha Helsinki kina hazina kubwa ya maandishi ya Kiswahili kwenye kompyuta, kazi iliyoongozwa na Profesa Arvi Hurskainen. Kuna Wafini waliokaa na lugha yetu maisha yao yote. Kwa nini sisi tuione kuwa haifai kutufikisha kwao?

#17 Hodi Hodi

Mkuu, kabla uzi haujapoa. Yule bibi wa mkoba, anayekuuliza lini ataachiwa aende kwao. Unamjibu nini?

#18 Mwana wa Igoma

Mwanzoni nilikuwa namwambia "Sinä asut täällä", unaishi hapa. Ni kweli, lakini alikuwa analia. Muuguzi mmoja wa siku nyingi akanifundisha.

Sasa namwambia "Juodaan ensin kahvit", tunywe kahawa kwanza. Namsaidia kuvua koti, naweka mkoba kwenye kiti kilicho pembeni yake aweze kuuona. Namuuliza nyumba yao ilikuwaje. Anasema kulikuwa na ziwa, na ng'ombe wawili, na baba yake alikuwa analihifadhi barafu kwenye unga wa mbao mpaka kiangazi. Kahawa inakwisha, giza limeingia. Mara nyingi hapo anakuwa ameshafika.